GODDARD NA ROKETI ZAKE ZILIZOANGUKA

Mwaka huu chama chetu kilimwomba kila mwandishi aeleze maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wengi wenu nawajua, mtakimbilia wanasiasa na wachezaji kandanda. Mimi nimemchagua mtu ambaye kwa muda wa miaka 15 alijenga vyombo vya kuruka angani, akavisimamisha, akavitia moto, kisha akakaa kando kuvitazama vikianguka. Huyo ni Robert Hutchings Goddard wa Marekani. Wapo wanaomwita baba wa roketi. Enzi za uhai wake walikuwepo pia waliodhani akili yake imeruka kabla ya roketi yenyewe.

Goddard alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1882 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts. Utotoni alikuwa wa kuugua kila mara, leo kifua, kesho tumbo, hata akakosa masomo na kuachwa nyuma na wenzake. Alimaliza shule ya upili mwaka 1904 akiwa na miaka 21. (Kwa hivyo wewe unayechekwa eti una ndevu na bado uko Kidato cha Pili, tulia.) Alipokuwa akiuguza afya yake nyumbani alisoma sana, na miongoni mwa alivyosoma ni hadithi ya H. G. Wells kuhusu viumbe waliotoka sayari ya Mirihi kuja kutushambulia.

Tarehe 19 Oktoba 1899 alipanda mti wa mcheri uliokuwa nyuma ya nyumba ili akate matawi makavu. Akiwa juu huko alitazama mbali mashambani, akaanza kuwaza ingekuwaje kama mtu angetengeneza chombo cha kumfikisha Mirihi. Ni ndoto tu ya kijana wa miaka 17, lakini yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliposhuka hakuwa tena yule aliyepanda. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake, kila tarehe 19 Oktoba aliiadhimisha kimya kimya katika shajara yake. Mcheri huo uliangushwa na kimbunga mwaka 1938, na habari hiyo nayo akaiandika.

Mambo ya chuo nitayapita haraka. Alipata shahada ya udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark mwaka 1911. Mwaka 1913 akashikwa na kifua kikuu, ugonjwa uliomsumbua mama yake pia, na madaktari wakampa majuma mawili ya kuishi. Hakufa. Kitandani pale alikuwa akichora na kupiga hesabu, na ilipofika Julai 1914 serikali ilikuwa imempa hataza mbili, yaani hati za kulinda uvumbuzi wake. Moja ilihusu roketi inayotumia mafuta ya maji maji badala ya baruti. Nyingine ilihusu roketi ya vipande vipande, ambapo kipande kikimaliza mafuta yake hutupwa ili kinachobaki kiwe chepesi na kiendelee na safari. Hii ya pili naomba uikumbuke, maana nitairudia.

Roketi zenyewe hazikuwa jambo jipya. Wachina walizirusha karne nyingi kabla yake, na hata fataki za sherehe ni roketi. Lakini zote zilikuwa za baruti, na Goddard alipozipima aligundua kwamba kama 2% tu ya nguvu ya ile baruti ndiyo iliyofanya kazi ya kusukuma. Nyingine yote ilipotea bure. Akabadilisha umbo la mdomo wa kutolea moto, ukabana kwanza kisha ukapanuka kama tarumbeta, na akaweza kupita 60%. Mwaka 1915 akafanya jaribio jingine muhimu: alifyatulia roketi zake ndani ya bomba lililotolewa hewa, akathibitisha kwamba roketi husukuma vizuri hata mahali pasipo na hewa.

Hapo ndipo ugomvi wake na ulimwengu ulipoanzia. Taasisi ya Smithsonian, iliyokuwa imempa msaada wa dola 5,000 mwaka 1917, ilitoa kijitabu chake kuhusu njia ya kufika juu sana. Kilikuwa kijitabu cha hesabu tupu, ila karibu na mwisho aligusia kwamba roketi kubwa ya kutosha ingeweza kufika mwezini. Mambo yakawa moto! Magazeti yaliacha hesabu zote yakashika mwezi. Tarehe 13 Januari 1920 tahariri ya gazeti la New York Times ilimkejeli kwamba roketi haiwezi kwenda huko kwani hakuna hewa ya kuisukuma, na kwamba profesa huyo hana hata elimu inayotolewa kwenye shule za upili.

Sasa hebu nikuulize wewe wa shule ya upili. Baluni ukiijaza hewa ukaiachilia, inaruka kwa sababu gani? Si kwa sababu inasukuma ukuta. Hewa inatoka nyuma, baluni inasukumwa mbele, basi. Bunduki humpiga teke anayeifyatua wakati risasi inatoka, haingoji igonge kitu. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, na mwalimu wetu wa fizikia ameiandika ubaoni mara ngapi sijui. Kumbe aliyekosa elimu ya shule ya upili ni mhariri!

Lakini kicheko kile kilimwumiza Goddard. Alikuwa mtu wa haya tangu zamani, na sasa akajifunga kabisa. Alizidi kufanya kazi na watu wachache aliowaamini, na matokeo yake akayaficha. Nitasema baadaye kwa nini naona jambo hili lilimgharimu kuliko mlipuko wowote.

Tuje sasa kwenye shamba la kabichi. Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1926 theluji ilikuwa bado ardhini. Goddard alikwenda Auburn, kwenye shamba la jamaa yake aliyejulikana kama Shangazi Effie, akiwa na mkewe Esther, fundi Henry Sachs na mwenzake wa chuo, Percy Roope. Walisimamisha kitu ambacho ungekiona ungesema ni fremu ya kitanda iliyovunjika: mirija miembamba yenye urefu wa mita 3 hivi, injini juu, matangi chini. Tangi moja lilikuwa na petroli, jingine oksijeni iliyopozwa hadi ikawa maji maji, baridi yake nyuzi 183 chini ya sifuri. Sachs aliwasha injini kwa moto wa fundi uliofungwa kwenye ufito mrefu, kisha akatimua mbio.

Na roketi? Ilikaa pale pale ikinguruma. Sababu ni kwamba ilikuwa nzito kuliko nguvu ya injini yake. Ilibidi iunguze mafuta kwanza ipungue uzito. Esther alikuwa ameshika kamera ya sinema yenye springi ya kukazwa kwa mkono, na springi hiyo ilidumu sekunde 7 tu. Kamera ikazima roketi ikiwa bado imesimama. Kisha ikaondoka! Ikapanda mita 12 na nusu, ikapinda kushoto, ikaanguka kwenye kabichi umbali wa mita 56. Safari nzima ilichukua sekunde 2 na nusu. Kengele yetu ya mapumziko hulia muda mrefu kuliko huo. Hivyo roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya maji maji ilipaa, na hakuna filamu ya kuonyesha ikipaa.

Kwa nini ilipinda? Hapa ndipo mimi huona raha ya kusoma habari za mtu huyu. Goddard alikuwa ameweka injini juu akidhani chombo kitaning'inia chini yake wima, kama ndoo inavyoning'inia kwenye kamba ya kisima. Hata wewe ungedhani hivyo. Lakini kamba ya kisima imefungwa juu, nayo huvuta kwenda juu siku zote. Injini ya roketi haikufungwa popote. Roketi ikiinama, injini nayo inainama, na inasukuma kule kule ilikoinamia. Kwa hiyo haijirekebishi hata kidogo. Mtazamaji wa kawaida angeona kitu kimeanguka kwenye kabichi. Goddard aliona kwamba kuweka injini juu hakusaidii chochote, na haukupita muda akaihamishia chini, mahali roketi nyingi za mafuta ya maji maji zimeiweka tangu hapo.

Aliendelea hapo Auburn hadi tarehe 17 Julai 1929, aliporusha roketi iliyobeba kipimahewa, kipimajoto na kamera ndogo. Ilipanda mita 27 tu na kuanguka, ingawa kipimahewa na kamera viliokotwa vizima. Kishindo chake kiliwafanya majirani wadhani ndege imeanguka. Polisi wakaja, magari ya wagonjwa yakaja, na waandishi wa habari hawakubaki nyuma. Gazeti moja la huko lilimcheka kwamba roketi ya mwezini imekosa shabaha kwa maili 238,799 na nusu. Mkuu wa zimamoto wa jimbo akampiga marufuku kurusha roketi Massachusetts.

Lakini kelele zile zile zilifika masikioni mwa rubani Charles Lindbergh, aliyekuwa amevuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1927. Akamtembelea Goddard Novemba 1929, akamsikiliza kwa makini, akamtafutia mfadhili. Tajiri Daniel Guggenheim akatoa dola 50,000 za miaka miwili ya mwanzo. Mwaka 1930 Goddard, Esther na mafundi wachache wakahamia Roswell, New Mexico, nchi kame yenye anga wazi na majirani wachache wa kuita polisi.

Huko walijenga mnara wa chuma wa kuongoza roketi, na kibanda cha kujikinga kama mita 300 kutoka hapo. Kazi ilikuwa hivi: wanaamka kabla ya mapambazuko upepo ukiwa umetulia, wanajaza matangi, wanarudi kibandani, mmoja anashika vitufe, mwingine darubini. Esther anashika kamera yake. Mama huyu ndiye pia aliyeshona miavuli ya kuteremshia roketi, na nyasi zikishika moto ndiye aliyekimbilia kuuzima. Halafu wanatazama.

Na waliyoyatazama, jamani! Mara injini inatoboka. Moto wa petroli na oksijeni safi ni mkali kuliko chuma kinavyoweza kustahimili, kwa hiyo ukuta wa chumba cha moto ulilainika ukapasuka. Goddard akabuni njia ya kunyunyizia mafuta ukutani kwa ndani, yawe kama pazia la kuukinga. Mara mwavuli unakataa kufunguka, chombo kinachimba shimo. Mara vali inakwama. Fikiria tu: upande mmoja una baridi ya kugandisha chochote, na sentimita chache kutoka hapo una tanuri. Hata bomba la maji la bweni letu, lisilo na shida hizo, hutushinda.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa kuifanya roketi iende wima. Tarehe 30 Desemba 1930 roketi yake ilipanda mita 610 hivi kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa, lakini hakuna aliyekuwa akiiongoza. Basi akatia gairoskopu. Hii ni kama ile pia tuliyoichezea tukiwa wadogo: ikizunguka kwa kasi husimama wima, na ukiisukuma hukataa kulala. Goddard alitaka pia hiyo ihisi roketi inapoinama, kisha iingize vibamba vidogo vya chuma kwenye moto wa injini ili virudishe mkia mahali pake, kama kasia linavyogeuza mtumbwi.

Jaribio la kwanza la kifaa hicho lilikuwa tarehe 19 Aprili 1932. Roketi ilipanda mita 41, ikapinda, ikaanguka. Aliyesimama hapo na kutazama angesema kazi bure. Lakini Goddard na wenzake walikwenda kwenye mabaki, wakavigusa vile vibamba. Viwili vilikuwa na joto kuliko vingine, na ni vile viwili hasa vilivyopaswa kuingia kwenye moto ili kuinyoosha roketi. Maana yake pia ilihisi, na ikatoa amri sahihi. Kosa lilikuwa moja tu: vibamba vilikuwa vidogo mno. Mimi nimesoma habari za wanasayansi wengi, lakini hii ya mtu kupapasa vyuma vilivyoanguka ili kujua kimojawapo kina joto gani ndiyo iliyonifanya nimchague yeye.

Fedha zikakatika, kwani hali ya uchumi ilikuwa mbaya na Guggenheim alikuwa amefariki. Goddard akarudi kufundisha. Wakfu wa familia hiyo ulipofungua mkono tena mwaka 1934, akarejea Roswell na vibamba vikubwa zaidi. Tarehe 28 Machi 1935 roketi yenye urefu wa mita 4 na nusu ikapaa mita 1,460 hivi. Safari hii walioitazama waliona kitu kipya: ilikuwa inayumba kidogo huku, inajirudi, inayumba kule, inajirudi tena. Ilikuwa inajiongoza yenyewe.

Septemba mwaka huo huo Lindbergh na Harry Guggenheim, mwana wa yule mfadhili, walisafiri hadi Roswell kujionea. Nawe unajua mambo yalivyo wageni wanapokuja. Majaribio mawili yaliandaliwa, na yote mawili yakaharibiwa na hitilafu. Wageni hawakuona hata moja ikipaa. Hata hivyo hawakumtupa, ila walimhimiza jambo moja: andika, chapisha, watu wajue ulichofanya. Ndipo mwaka 1936 akatoa taarifa yake ya pili kupitia Smithsonian, miaka 16 baada ya ile iliyochekwa.

Mwaka huo pia kijana mmoja mtafiti kutoka California, Frank Malina, alifunga safari mpaka Roswell kuomba washirikiane. Goddard alimkaribisha vizuri, akamtembeza, lakini injini yenyewe hakumwonyesha. Malina akarudi alikotoka, na kundi lake likaanza mambo yao kutoka mwanzo.

Wenzangu wa chama cha sayansi hunibishia hapa. Wao husema Goddard alikuwa na haki kulinda alichokivuja jasho, hasa baada ya kuchekwa vile. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Roketi huanguka kwa sababu mia, na mtu mmoja na mafundi wanne hawezi kuzitafuta zote mia peke yake. Angekuwa na mtaalamu wa kuunguza mafuta, mwingine wa vali, mwingine wa pia, huenda zile asubuhi alizotumia kuokota vipande jangwani zingepungua sana. Kati ya 1926 na 1941 yeye na kundi lake walirusha roketi 34. Iliyofika juu kuliko zote, tarehe 26 Machi 1937, ilipita mita 2,400. Mlima Longonot una mita 2,776.

Baada ya hapo akaingia kwenye pampu. Roketi za kwanza zilisukuma mafuta kwa shinikizo la gesi ndani ya matangi, na tangi la kuhimili shinikizo lazima liwe nene, na nene ni zito. Pampu ingewezesha matangi mepesi na roketi kubwa. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Lakini tarehe 9 Agosti 1940 roketi kubwa ya pampu ilipanda pole pole mita 90 tu, ikaanguka. Akatengeneza, akajaribu tena. Kisha vita vikamhamisha kwenda kufanyia kazi jeshi la wanamaji.

Wajerumani nao hawakulala. Tarehe 3 Oktoba 1942 roketi yao, iliyokuja kuitwa V-2, ilifika kilomita zaidi ya 80 juu. Haikuwa ya kwenda mwezini. Ilitumiwa kuangamiza watu London na Antwerp, na wafungwa wengi mno walikufa wakilazimishwa kuiunda. Mwaka 1945 Goddard alionyeshwa moja iliyotekwa. Ndani aliona petroli imebadilishwa kuwa pombe kali, lakini oksijeni ni ile ile, pampu zipo, pia zipo, vibamba kwenye moto vipo. Aliamini wamemwibia. Wanahistoria wengi wanaona Wajerumani walifika huko kwa njia yao wenyewe, kwa fedha nyingi na maelfu ya wafanyakazi.

Miezi michache baadaye, tarehe 10 Agosti 1945, Goddard alifariki kwa saratani ya koo, mjini Baltimore. Alikuwa na miaka 62. Hakuona chombo chochote cha binadamu kikiizunguka dunia.

Esther ndiye aliyebaki na makaratasi. Akayapanga, akayapeleka kwa wanasheria, na hataza 131 zikatolewa kwa jina la mumewe baada ya kifo, pamoja na 83 za uhai wake zikawa 214. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kutumia uvumbuzi huo. Kituo kikubwa cha anga karibu na Washington kikapewa jina la Goddard. Na tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya wanaanga wa Apollo 11 kuondoka kuelekea mwezini, New York Times ilichapisha masahihisho mafupi: imethibitika kwamba roketi hufanya kazi pasipo na hewa, na gazeti linasikitika kwa kosa lake. Miaka 49!

Nilikuahidi nitarudia ile hataza ya roketi ya vipande. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Uhuru, roketi aina ya Scout yenye vipande vinne iliondoka kwenye jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kipande kimoja kilimaliza mafuta kikatupwa, kingine kikawaka, hivyo hivyo mpaka setilaiti ikafika juu. Setilaiti ile ilitazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, nayo iliitwa Uhuru kwa heshima ya nchi yetu. Mama aliyeusimamia mradi huo, na aliyeipa jina, ni Marjorie Townsend, naye alikuwa mfanyakazi wa kile kituo chenye jina la Goddard.

Shamba la Shangazi Effie siku hizi ni uwanja wa gofu. Kabichi hazipo, ila pale roketi ilipoondokea wamesimamisha nguzo ya ukumbusho, na wachezaji huipita wakifuata mipira yao.